Njuga ya Shauri

Juzi jirani alipita na mbuzi aliyefungwa njuga ya mti. Ko-ko, ko-ko. Mwenzenu nikaacha kumenya ndizi, nikainamisha kichwa kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa.

Kwetu Buganguzi, njuga kama ile ilikuwa ya mbwa, tena siku ya kuwinda tu. Siku nyingine ilining'inia juu ya mlango, ikinuka moshi. Mbwa wetu tulimwita Shauri, maana hakukosa la kubwekea. Akisikia ko-ko alirukaruka kuliko walevi wa lubisi.

Mwaka ule kichaa cha mbwa kiliingia. Mkungu, mkubwa wetu wa kijiji, akatangaza kwamba mbwa wote wapelekwe Muleba kwa bwana mifugo, wachomwe sindano na kufungwa kibati shingoni. Asiye na kibati, risasi. Tata, yaani baba yangu, alikuwa kitandani na homa.

"Mwoshe, mfunge kamba, mpeleke," akaniambia. "Akigoma, mvute. Njuga usiguse."

"Ndiyo, Tata."

Nikamwosha Shauri, nikasokota kamba ya mgomba. Kabla hatujafika barabarani, akakaa. Nikamvuta, akalala. Nikambembeleza, akapiga miayo. Wenye mbwa wao wakawa wanatupita.

"We binti!" mmoja wao akanitania. "Nani anampeleka mwenzake?"

Jua lilikuwa linapanda, na mimi naiona risasi tu. Nikarudi mbio. Tata alikuwa amesinzia. Nikaitungua njuga.

Mawe, mama yangu! Nilipomfunga tu, Shauri akanivuta mpaka Muleba, mimi nyuma nacheka, najiona nina akili kuliko mkungu. Akaingia kwenye mstari mkia juu, akinusa nyasi akitafuta mnyama yuko wapi. Wanaume wakamkandamiza chini. Akalia, na njuga ikalia naye.

Tata alipopona, wawindaji wenzake wakaja kumpitia. Akashusha njuga. Ko-ko. Shauri akajikojolea, akajichimbia chini ya kitanda.

Tata akanitazama. "Ulimpeleka na njuga?"

"Alikuwa amekaa kama mkwe, Tata."

Hakucheka. Hakunichapa pia, na heri angenichapa. Wenzake wakaondoka na mbwa wao. Yeye akabaki kwenye migomba, amesimama, anasikiliza njuga zao zikiishia bondeni.

Nilijaribu kurekebisha. Nikawa natikisa njuga huku nimeshika kipande cha nyama. Shauri aliitamani nyama, lakini hakusogea. Hakuwinda tena.

Watu wakiniambia niliokoa maisha yake, nakubali. Alizeeka na kibati chake. Ila jioni, njuga ikiwa imetulia pale juu ya mlango, alikuja kulala miguuni pangu, kichwa juu ya vidole vyangu. Utotoni nilidhani amenisamehe. Nilishakuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba Shauri hakuwahi hata kunishuku. Lawama yote aliitupia njuga ya Tata.