Kamanda Figili na Jumapili ya Kabichi

Kila Jumapili saa nane kasoro mchana, Pyo Myeong-suk huvua aproni, hugeuza kibao cha mlangoni kisomeke "Nimetoka kidogo," kisha hupanda ngazi kumi na tisa kwenda vitani. Saa kumi na moja na nusu utamkuta tena nyuma ya meza yake, anapima maharage yaliyochipua kana kwamba hakuna aliyekufa.

Ana miaka hamsini na tisa, mjane, mfupi, ana goti la chuma na sauti inayosikika hadi mwisho wa uchochoro. Duka lake la vitoweo limekaa katika soko hili la mji wa Cheongju miaka ishirini na miwili, na juu yake kuna ukumbi wa kompyuta. Miaka tisa iliyopita alipeleka huko sinia la chakula, akakuta vijana wanne wametumbulia macho vioo, wali unapoa. Akasimama nyuma yao kusubiri vyombo. Mchezo ulikuwa wa kambi tatu: Chui wekundu, Kunguru weusi na Korongo weupe. Vijana wale walikuwa Korongo, na walikuwa wanachapwa vibaya.

"Mbona mnampiga huyu mwekundu?" aliuliza.

"Kwa sababu ndiye aliye karibu, Mama Mdogo."

"Na yule mweusi anafanya nini?"

"Amekaa tu, anaangalia."

"Basi yeye ndiye mwenye akili. Nyinyi wawili mnamtwangia, yeye atakuja kupakua. Sogea."

Hakuwa amewahi kugusa kibodi. Lakini alikuwa ameuza vitoweo katikati ya maduka mawili makubwa kuliko lake, moja kila upande, na amewazika wote wawili kibiashara, kwa kukaa kimya wakati wao wanakomoana kwa bei ya mizizi ya yungiyungi. Alijua kwamba mkiwa watatu, mdogo hana haja ya kuwa na nguvu. Kazi yake ni kuwafanya wale wawili watazamane. Baada ya miezi minane vijana wale walimpa cheo, naye akajiita Figili, kwa kuwa ndicho alichokuwa anakata siku hiyo.

Sasa Kamanda Figili ana watu sitini na mmoja. Wanamwita Mama Mdogo kama wateja wanavyomwita dukani, na hawamwogopi hata kidogo ila akianza kuhesabu kwa sauti. Alipopasuliwa goti, walikuja kwa zamu majuma sita kumenya vitunguu saumu. Binti yake yuko Busan na hupiga simu Jumatatu. Siku nyingine zote, watu wa Myeong-suk ni hawa.

Kwa hiyo mwezi Septemba, wenye mchezo walipotangaza kwamba wachezaji wamepungua na kambi tatu zitabaki mbili, hakulala vizuri siku tatu. Kambi itakayokuwa ya mwisho kwa alama ifikapo Jumapili ya nne ya Novemba, saa kumi na moja jioni, itafutwa, na kila mtu wake ataamua mwenyewe aende wapi. Chui walikuwa mbali juu, hawashikiki. Korongo walikuwa wa mwisho, nyuma ya Kunguru kwa alama kidogo tu. Dawa ilikuwa moja: bendera ya Korongo iwe juu ya Ngome ya Kati saa hiyo ya mwisho. Ngome hiyo ilikuwa mikononi mwa Chui miaka minne, na kiongozi wao, Jenerali Radi, alikuwa ameshaanza kuwaandikia wapiga mishale bora wa Myeong-suk barua za kuwatongoza.

"Tukivunjika hatutaonana tena," alisema siku moja katikati ya Novemba msaidizi wake, Gu Bon-seok, fundi wa mabasi mwenye miaka thelathini na minne. "Wazuri watakwenda kwa Radi. Wengine wataacha kucheza."

"Nani kakwambia tutavunjika?"

"Mama Mdogo, Chui wako mia mbili!"

"Jumapili ya nne ya Novemba? Mia mbili watoke wapi?" Akafungua daftari la oda akamsukumia. "Soma tarehe."

Bon-seok akasoma. Watu mia na kumi walikuwa wameagiza kabichi za wakulima wa Goesan zilizokwisha kulowekwa chumvi, na wote walizitaka mwisho wa juma lile lile. Utabiri ulisema baridi kali ingeingia Jumanne yake, na hakuna mama mwenye akili anayesubiri kabichi zigande. Nchi nzima ingekuwa imechuchumaa kwenye mabeseni ikitia kimchi, achari ya kabichi na pilipili, ya kula mwaka mzima. Na Chui walikuwa wanaume wa maofisini, wenye wake, wenye mama wakwe.

"Wataburutwa," alisema Bon-seok, uso umemchangamka. Halafu ukamshuka. "Ila na mimi nitaburutwa. Mama yangu ana vichwa themanini vya kabichi."

Hilo Myeong-suk alikuwa ameshalifikiria. Watu wake wangetia kimchi Jumamosi, uani kwake, wote kwa pamoja, na kila mmoja angepeleka masanduku kwao usiku huo huo. Walioona shida walikuwa ni akina mama, maana mama gani anakubali kimchi ya mtu baki? Akachukua simu akawapigia mwenyewe, mmoja mmoja. Wa kwanza alikuwa mama yake Bon-seok.

"Dada, namhitaji kijana wako Jumapili."

"Kwa kazi gani?"

"Vita."

"Kimchi yako unatia uduvi au dagaa?"

"Uduvi. Na peasi, ya kusaga."

"Basi mchukue."

Jumamosi ile uani hapakuwa na pa kukanyaga. Watu arobaini na kitu wenye glavu za mpira hadi viwikoni, pilipili hadi kwenye nyusi, wanabishana habari za minara huku wanapaka kila jani. Jioni wakala nyama ya nguruwe ya kuchemsha na kimchi mbichi, kama ilivyo desturi kila nyumba siku ya kabichi, wakapakia masanduku, wakaondoka. Vichwa thelathini na viwili vilibaki. Myeong-suk alilala kama mtu aliyekwisha kushinda.

Na Jumapili ilianza hivyo. Saa nane kamili Korongo walivuka mto, na kwenye kuta ambazo siku zote huwa na Chui mia mbili walikuwepo thelathini na saba. Saa tisa lango lilivunjika. Saa tisa na nusu bendera nyeupe ilipanda, na ukumbi mzima ukapiga kelele hadi mwenye ukumbi akaja kuomba waonee huruma viti vyake.

"Chui wako kwenye mabeseni!" Bon-seok aliimba. "Kunguru wako kwenye mabeseni!"

"Kaa chini, utaanguka," alisema Myeong-suk, lakini naye alikuwa anacheka.

Saa kumi kasoro dakika tano, mlinzi wao wa mtoni akaita. "Kunguru wanakuja!"

"Wangapi?"

"Nahesabu... Mama Mdogo, karibu wote. Themanini na wawili."

Kicheko kikakatika. Kunguru wenyewe walikuwa tisini kwa jumla. Myeong-suk aliinamia kioo akayaona, majina yale yale ya kila juma, yamejipanga safu mbili, na mbele yao kamanda wao anayejiita Chumba 402. Kwa nini hawakuwa kwenye kabichi? Hilo hakulielewa, na lilimkera kuliko hatari yenyewe, maana si mtu aliyezoea kukosea hesabu. Ukuta ulikuwa na matundu. Watu wake wangeshikilia dakika ishirini, na vita vilikuwa vimebakiza saa nzima.

"Tokeni," alisema.

"Nini?"

"Tokeni ngomeni. Mlango wa nyuma, na mkitoka uvunjeni komeo. Kajificheni nyuma ya kinu cha unga, asirushe mtu hata jiwe."

"Mama Mdogo, tuwaachie? Bure?"

"Bon-seok. Nyama jana uani tuliila saa ngapi?"

"Kazi ilipokwisha. Kama saa kumi."

"Na wewe ulikwenda wapi ukishashiba?"

Bon-seok akaona haya. "Nilisema nakwenda kununua sigara. Nikaja huku."

"Nawe huvuti. Sasa Chui nao wanakula nyama hivi sasa, kwa mama wakwe. Saa kumi na nusu wote watakuwa wanakwenda kununua sigara. Tokeni! Moja, mbili..."

Walitoka. Kunguru wakaingia bila jasho, wakapandisha bendera nyeusi, wakaanza kuziba matundu ya kuta kwa bidii. Nyuma ya kinu Korongo sitini na mmoja walikaa kimya, na ukumbini hapakusikika kitu ila mtu mmoja akinywa supu ya tambi. Saa kumi na nusu ikafika, hakuna Chui. Dakika tano zaidi, hakuna. Bon-seok alimtazama kamanda wake kwa jicho la pembeni. Myeong-suk hakugeuka. Alikuwa amepika kwa wakwe miaka thelathini na alijua hesabu hii kuliko jina lake.

Saa kumi na dakika thelathini na nane wakaanza kumiminika. Kumi, thelathini, mia.

"Figili!" Radi alifoka kwenye sauti ya wote. "Niko kwenye ukumbi wa kompyuta wa kijijini kwa mkwe wangu, mikono inaniwasha pilipili, halafu nakuta kunguru wamelala kitandani mwangu! Na wewe umo humo?"

"Mimi nimefukuzwa, baba. Pole. Nyama umekula?"

"Nimekula."

"Basi usilie, umeshiba."

Chui wakazirukia kuta zilizozibwa upya. Kunguru walipigana vizuri, acha niseme ukweli, walipigana kuliko alivyowahi kuwaona. Hakuna aliyekimbia. Ilipofika saa kumi na moja kasoro dakika saba, waliosimama pande zote mbili walikuwa wachache na wamechoka, na wote walikuwa mbele, langoni. Bendera ilihitaji dakika tatu kupanda.

"Sasa," alisema Myeong-suk.

Waliingia kwa mlango wa nyuma usio na komeo. Ilikuwa kama kuingia dukani kwao.

Saa kumi na moja kamili bendera nyeupe ilikuwa juu. Watu wazima walikumbatiana wakilia. Radi alitukana kidogo, akapongeza kidogo, akasema mkewe anamwita. Kwenye ubao wa alama Korongo walikuwa wa pili, na jina la Kunguru likageuka kijivu.

Myeong-suk alikuwa bado na lile swali lake. Akamwandikia kamanda wao.

"Chumba 402, leo hamkwenda kutia kimchi?"

"Umeshatushinda, Kamanda. Sasa unatucheka?"

"Sikucheki, nakuuliza. Watu tisini, Jumapili kama hii. Hamkuitwa na mama zenu?"

Chumba 402 akaandika, ujumbe mmoja mmoja.

"Walioitwa ni wanane, nikawaruhusu. Waliobaki ndio hao uliowaona." Halafu, "Mimi mama yangu alifariki nikiwa sekondari. Wengi wetu tunakaa vyumba vya kupanga, mtu mmoja mmoja. Kimchi tunanunua ya pakiti, ile ndogo, kwa sababu ya friji." Halafu, "Jumapili ndiyo tunakutana hapa. Sasa sijui."

Myeong-suk alivua hedifoni akaziweka juu ya meza. Bon-seok alikuja na sahani ya nyama, akisema ale, kamanda ale kwanza. Hakuweza. Aliona aibu, na aibu yenyewe haikuwa ya kushinda. Alikuwa amehesabu nchi nzima kwa daftari lake la oda, na katika maisha yake yote haikumpitia akilini kwamba kuna watu themanini na wawili ambao Novemba hawasubiriwi na mtu yeyote. Ndio hao aliokuwa ametoka kuwafutia kambi.

"Kabichi zimebaki ngapi?" aliuliza.

"Thelathini na mbili. Kwani vipi?"

Hakumjibu. Aliandika, kwa kidole kimoja, kama anavyoandika siku zote:

"Nipe anwani zenu, niwatumie kimchi. Nitakata vichwa robo robo, zitawatosha na frijini zitaingia."

"Huu ni mtego?"

"Vita vimekwisha dakika kumi zilizopita, mwanangu. Mtego wa nini? Sikia. Kesho saa nne asubuhi mtafunguliwa kuchagua. Radi ameshakuandikia?"

"Ameniandikia mimi na wengine watano."

"Mimi nawaandikia wote."

Jumatatu saa nne na nusu alikuwa dukani, mikono imezama kwenye pilipili, kabichi robo zimejazwa kwenye mifuko hadi kwenye kiti cha wateja. Bon-seok aliingia na nguo za gereji, simu mkononi, anahema.

"Mama Mdogo, tuko mia moja arobaini na wanane! Wamekuja wote, ila watatu wamekwenda kwa Radi."

Myeong-suk aligeuka kumenya kitunguu ambacho hakikuhitaji kumenywa, akajifuta macho kwa bega, akalaumu pilipili.

"Piga simu Goesan," alisema. "Waambie mwakani nataka vichwa mia tano. Na wale watatu, nitafutie anwani zao."