Aliyenijibu Ndani ya Wingu la Wadudu

Sinywi pombe, na siku ile sikuwa na homa. Nayasema haya mawili mapema kwa sababu ndiyo maswali ninayoulizwa kila ninaposimulia. Tena haikuwa usiku. Ilikuwa saa tatu asubuhi, jua limeshapanda. Kama una haraka ya kucheka, cheka sasa umalize, halafu unisikilize.

Mimi ni mvuvi wa mbasa. Wenzetu wa Mwanza wana sangara wao na wanajisifu nao sana, lakini aliyewahi kula mbasa wa Nyasa aliyebanikwa vizuri hababaiki na sangara. Nilikuwa navua na mdogo wangu, Ambokile, mtumbwi mmoja, yeye mbele mimi nyuma. Siku moja nilikwenda Ipinda kununua ndoano, naye hakunisubiri, akaingia ziwani peke yake. Upepo wa mwera ukavuma. Mtumbwi tuliuokota umepasuka ubavuni, nikaupiga kiraka cha bati. Yeye hatukumpata mpaka leo.

Wazee wa ukoo walitaka tuzike mgomba badala ya mwili, msiba uishe, marehemu apumzike. Mama alikubali. Aliyekataa ni mimi. Niliwauliza, kwani mdogo wangu alikuwa ndizi? Kila jioni nikawa nampakulia Ambokile chakula chake, nakifunika, naweka mezani, na mlango naurudishia tu bila komeo. Mke wangu alivumilia miezi kadhaa, kisha akarudi kwao Ndandalo. Alisema hawezi kukaa na mwanamume anayemwekea marehemu wali. Simlaumu. Nilibaki na mama, ambaye siku hizo alikuwa haongei sana, na nyumba ikawa kimya mno. Ile sahani ndiyo iliyokuwa mazungumzo yangu.

Sasa, kama hujawahi kufika kwetu, kuna wadudu wadogo sana wanaozaliwa ziwani. Hupanda juu wingu zima, ukiwaona kwa mbali utadhani kuna moshi unatoka majini. Wakifika nchi kavu kina mama wengine huwakusanya kwa vikapu, huwa kitoweo. Lakini wakikukuta ndani ya mtumbwi, usipige kasia. Wataingia puani na mdomoni mpaka ukose pumzi. Unashusha jiwe la nanga, unajifunika shuka, na unagonga ubavu wa mtumbwi kwa kasia ili mwenzako asikugonge. Ukijibiwa, mnasogeleana na kufunga mitumbwi pamoja mpaka wingu lipite. Ndivyo tulivyofundishwa sote.

Asubuhi hiyo lilinikuta mbali na wenzangu. Nikajifunika, nikagonga mara mbili.

Nikajibiwa mara tatu.

Niamini, nilihesabu vizuri. Pwani yetu yote watu hugonga mara mbili. Aliyekuwa akigonga tatu ni mmoja tu, kwa ubishi wake, na nilishamkemea sana. Mtu mwenye akili angenyamaza, sivyo? Mimi nilirusha kamba.

Ikadakwa. Mtumbwi ukaja taratibu ukagusana na wangu. Aliyekaa ndani alikuwa amejifunika shuka kichwani kama mimi.

"Ugonile, kaka," akanisalimia kwa lugha ya kwetu.

"Ndaga," nikajibu. Nikafunga fundo, nikalikaza.

Nikachungulia. Wadudu walikuwa wamenijaa mimi, wamejaa kwenye kasia, wamejaa juu ya mbasa wangu wawili mpaka magamba hayaonekani. Kwake hakuna hata mmoja. Shuka yake safi, mtumbwi wake safi, na ubavuni mwake kuna kiraka cha bati kilichopigwa misumari upande upande. Kiraka kile nilikipiga mwenyewe, na mtumbwi wenye kiraka hicho ndio niliokuwa nimeukalia.

Unadhani niliogopa? Kidogo. Zaidi nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilitaka kumwambia kila kitu, habari za mama, habari za mke wangu, habari za ndoano nilizoleta siku ile ambazo bado sijazifungua. Yeye akanikatiza.

"Kaka, acha kuniwekea chakula."

"Kwa nini? Hushibi?"

"Sili. Ukiniwekea naitwa, nikiitwa lazima nije. Ni mbali, kaka. Kila siku natembea, na nikifika siwezi kuingia. Nimechoka. Nataka kulala."

Nililia chini ya shuka kama mtoto. Nikamwambia nimesikia, naacha. Nilipoinua kichwa, wingu lilikuwa limepita na maji yametulia. Sikuona mtu wala mtumbwi. Kamba yangu ilikuwa inaelea, na lile fundo limefungwa vilevile, limekaza, ndani yake hakuna kitu.

Ungekuwa wewe ungefanya nini jioni ile? Mimi nilipakua. Nilijiambia ni leo tu, chakula cha kuagana. Nikafunika sahani nikaenda kulala, na nililala fofofo.

Asubuhi nilimkuta mama amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, amejitanda kanga, macho mekundu.

"Mwanangu, hukusikia?"

"Nini, mama?"

"Mtu alikuwa anagonga mlango usiku kucha. Anagonga mara tatu, ananyamaza, anagonga tena. Nikamwambia pita, mlango uko wazi. Hapiti. Analia tu." Akanishika mkono. "Ile sauti naijua, mwanangu. Nilimzaa mimi. Mpaka lini utamtesa?"

Nilifunua sahani. Wali ulikuwa kama nilivyouacha, haujaguswa hata punje. Nje, mbele ya mlango, ardhi ilikuwa imelowa sehemu moja, upana wa nyayo mbili, na mvua haikunyesha.

Siku hiyohiyo niliwaita wazee. Mchungaji alisema mgomba yeye hauzungumzii, ila akaja akaomba. Mgomba niliuchimbia kaburi mwenyewe, nyuma ya nyumba, tukauzika.

Tangu hapo mama analala. Mimi ndiye nisiyelala. Ndugu yangu unayenisikiliza, kama una marehemu wako, mlilie mpaka uchoke, lakini usimwite. Na akikuomba umwache, mwache siku hiyohiyo, usimwongezee hata usiku mmoja kwa sababu wewe una upweke.

Bado navua peke yangu. Wingu likinikuta, nashusha jiwe, najifunika, nagonga mara mbili, kisha nasikiliza. Hajibu mtu. Amelala, kama alivyotaka, lakini kila mara natega sikio kwa muda mrefu kuliko inavyotakiwa.