Ramani ya Majivu Uani Kwangu

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nami nilimpa wifi yangu jembe siku ya tatu asubuhi, tena lile zito lililonishinda mwenyewe, na ndilo lililoniponza. Nilidhani atakwenda nalo kwenye maharage nyuma ya nyumba. Yeye akalitumia kuparua uani, akasawazisha udongo mpaka ukalainika, kisha akawaita wanangu watatu akaanza kuwachorea nchi.

Wifi yangu alikuwa dada mkubwa wa mume wangu, mjane wa kijiji cha Igowole, upande wa Mafinga, watoto wake wote wameshaoa na kuolewa. Alikuja kwetu Kihesa, Iringa mjini, wakati wa kipupwe, miaka ile ya sabini reli ilipokuwa bado inajengwa kwenda Mbeya. Alisema amekuja mjini kung'oa jino. Jino lilitoka siku ya kwanza; mwenyewe hakutoka. Mume wangu alikuwa akifanya kazi kwenye kambi ya reli na kurudi nyumbani mwisho wa mwezi, kwa hiyo kumwambia wifi arudi kwake ilikuwa juu yangu, na mwanamke aliyetoka Rungwe kuolewa Uheheni hamfukuzi dada wa mumewe. Ningeonekana nani?

Ile nchi aliichora kwa majivu. Majivu yalikuwa ya jikoni kwangu. Maziwa aliyapaka bluu ya kufulia, na bluu hiyo ilikuwa yangu pia, niliyoificha kwa ajili ya mashati ya mume wangu. Kila mji aliuwekea jiwe. Jiwe la Iringa lilikuwa jekundu, la Mbeya jeusi, na Dar es Salaam aliiwekea kipande cha sahani iliyovunjika kwa sababu, alisema, kule kunang'aa. Watoto walizunguka ramani ile kutwa. Hata mwanangu wa kati, ambaye kumtuma maji ilikuwa ugomvi, alikuwa akidamka na kuufagia mpaka wa Zambia bila kuambiwa.

Mchezo wenyewe ulikuwa vitendawili. Kila mtu aliyekulia Uswahilini anajua: mmoja anatega, wengine wakishindwa anawaambia nipeni mji, nao wanampa, naye anasema amekwenda huko, amekula hiki na kile, ndipo anatoa jibu. Lakini wifi aliongeza masharti yake. Ukipewa mji lazima uende kusimama juu ya jiwe lake, na chakula utakachosema umekula lazima kiwe kinapatikana huko kweli. Ukienda Ubaruku useme wali, umepita. Ukienda Ubaruku useme samaki wa bahari, unarudishwa mpakani, na kukataa mji pia ni ruhusa, mtegaji anachagua. Hivyo wanangu wakajua pamba inalimwa wapi na chumvi inatoka wapi, na kitinda mimba wangu, ambaye alikuwa hajaanza hata shule, alijua kutaja stesheni za reli kwa mpangilio kuliko baba yake anayeijenga.

Mtu mwingine angeshukuru. Mimi nilinuna.

Kwanza, vilitegwa mchana. Kwetu bibi yangu alituambia anayetega vitendawili jua likiwa linawaka ataota pembe, na mimi nimekua nikiamini hivyo. Nilipomwambia wifi, alijipapasa kichwani mbele ya watoto, pole pole, akasema, "Bado, wifi. Labda kesho." Watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Nilirudi jikoni nikakoroga uji kwa nguvu ukanirukia mkononi.

Pili, na hili ndilo lililokuwa likinila, walikuwa hawaniiti tena. Zamani mtoto akijikwaa alilia mama. Sasa alilia shangazi. Nikiwapa viazi waliuliza kama shangazi ameshapata. Nikiwafundisha jambo waliniambia, "Shangazi hafanyi hivyo." Kitinda mimba alikuwa akilala naye, akila naye sahani moja, na alishaanza kutembea kama yeye, mikono nyuma, kama bibi kizee anayekagua shamba. Kuna kanga inayosema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Mimi nilishiriki, na gauni langu la kanisani likaanza kunipwaya.

Nilijaribu kushindana. Nilimsokotea kitinda mimba mpira wa matambara. Wakaenda kuuweka kwenye ramani ukawa mlima. Nikawaambia habari za kwetu, migomba na mvua isiyokatika. "Tunajua, mama," yule mkubwa akanijibu, "shangazi ameshatwambia." Wifi yangu hajawahi kufika Rungwe! Siku hiyo nilifagia uani mapema kuliko kawaida na ufagio wangu ukapita kwa bahati mbaya juu ya Ziwa Nyasa. Kabla ya saa sita lilikuwa limerudi, jipya, tena kubwa zaidi, na bluu yangu imekwisha.

Mwisho wa mwezi mume wangu akarudi. Wifi alimwacha ale, anawe, ajiegemeze, ndipo akasema lake. Anataka kurudi Igowole, lakini nyumba ni kubwa na kimya. Anaomba apewe yule mdogo akae naye, atamsomesha huko huko. Mtu wa huko anajua ombi kama hilo uzito wake. Shangazi akiomba mtoto wa kaka yake haombi kitu cha watu. Anaomba cha kwao.

Mume wangu alinifuata jikoni. "Mama watoto, dada ameomba. Mimi siwezi kumkatalia."

"Na mimi je? Nimezaa kwa niaba ya nani?"

"Usipandishe sauti. Nimemwambia mtoto mwenyewe ataulizwa kesho. Akikataa, basi, hakuna atakayelaumiwa."

Akikataa! Nilijua hatakataa. Usiku ule nilimkunjia magauni yake nikayakunjua tena. Nilimchukia wifi yangu waziwazi, nikalichukia na lile jino lake lililouma wakati mbaya.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Tulipotoka kanisani wifi akasema tucheze wote mara ya mwisho, na baba yao awemo, na mama pia, asijifiche jikoni. Nikatoka na mwiko mkononi. Wakatega, wakajibu, mume wangu akapelekwa Tabora akasema amekula asali, akapita. Kisha kitinda mimba akaja kusimama mbele yangu, mikono nyuma.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Nyumba yangu haina mlango."

Yai. Hakuna mtoto asiyejua kwamba ni yai. Ndicho kitendawili cha kwanza wote tunachofundishwa. Lakini niliona nikijibu atageuka kwenda kumtegea shangazi yake, na nilitaka abaki pale mbele yangu hata kwa muda kidogo. Nikasema, "Nimeshindwa."

Macho yakamtoka. "Nipe mji!"

"Nakupa Mbeya," nikasema haraka, nikiwaza kwetu.

"Sitaki."

"Chukua Dar es Salaam. Kunang'aa."

"Sitaki."

Nikampa Mwanza, Tanga, Moshi. Akatikisa kichwa. Wifi alikuwa anatabasamu na ule ufizi wake wenye pengo. "Mpe Igowole basi, wifi," akasema taratibu. "Huoni anachotaka?"

Sikutaka kulitamka. Mume wangu alinitazama, watoto wakanitazama. "Haya. Nakupa Igowole."

Kitinda mimba alilitazama lile jiwe dogo la Igowole, kisha akasema, "Sitaki. Nataka Jikoni."

Wote wakaangua kicheko. "Jikoni si mji," kaka yake akasema. "Haipo kwenye ramani." Akamgeukia shangazi ili amhukumu, maana masharti yalikuwa ya shangazi. Wifi hakucheka. Alifikiri, akasema, "Mtegaji anachagua. Nenda."

Mtoto akaenda mbio mpaka kwenye mlango wa jiko langu. Hakuingia. Alisimama kizingitini, vidole vya miguu mwisho kabisa wa kivuli, akatazama ndani, halafu akarudi tulipokuwa.

"Umekula nini huko?" wifi akamuuliza, kama alivyokuwa akiwauliza siku zote.

"Sijala kitu," akasema. "Nimefika mlangoni, mwenyeji akasema tokeni hapa mnanizonga miguuni. Nikarudi."

Alisema kwa sauti yangu. Kwa sauti yangu kabisa, na mkono kiunoni. Mume wangu alicheka na wakubwa wakacheka, maana mchezo ni mchezo. Wifi aliinamisha kichwa akaanza kuokota mawe yasiyohitaji kuokotwa. Mimi nilisimama na mwiko wangu. Ni kweli nilikuwa nikiwafukuza. Moto ulikuwa wazi, masufuria yalikuwa yanachemka, na kule ndiko mahali pekee nilipopumua. Sikujua kwamba kuna mtu alikuwa akipatamani.

"Umerudishwa, basi," kaka yake akampa hukumu. "Hujasema chakula."

"Nenda tena," nikamwambia. "Safari hii mwenyeji yupo."

Nilitangulia. Nilimsogezea kigoda changu, nikampa sufuria la ugali wa jana pamoja na kijiko. Alikwangua ukoko taratibu, akatafuna, akatazama paa jeusi kwa moshi kama mtu aliyefika mji wa kigeni. Kisha akapiga kelele kwa walio nje, mdomo umejaa, "Nimekwenda Jikoni, nimekula ukoko! Jibu ni yai!"

Jioni baba yake alipomuuliza kama atakwenda na shangazi, alisema atakwenda kusalimia, wakati wa likizo, akishaanza shule. Asubuhi wifi akaondoka na basi la kwanza la kwenda Mafinga. Nilimfungia mihogo ya kuchemsha na nikambebea mzigo mpaka kituoni, nikiwa na furaha ambayo sikujisumbua kuificha. "Kamwene, wifi," akaniaga kwa Kihehe akipanda, na akanishika mkono muda mrefu kuliko nilivyopenda. Niliporudi nilichukua ufagio nikafika mpaka ukingo wa ile ramani. Kitinda mimba alikuwa amekaa kwenye kigoda changu mlangoni pa jiko, akinisubiri, na alitazama ufagio ule.

Niliuegemeza ukutani. Jua lilikuwa utosini. Nikajipapasa kichwa, nikaingia jikoni, nikakaa chini kwenye kuni.

"Kitendawili," nikasema.