Gladvina na Mdomo Wangu

Jumapili mchumba wangu alinipeleka kwao Mungaa kunitambulisha. Nilitaka sana mama yake anipende. Jikoni, wifi Gladness akanipakatisha binti yake mchanga.

"Anaitwa Gladvina."

Chuo kimenifundisha kuhoji kila kitu, hata kisichonihusu. "Maana yake nini? Mbona kama dawa ya minyoo? Aliyelitunga alikuwa na homa?"

Wifi akainama, akibana kicheko. Nikageuka. Mama mkwe alikuwa mlangoni, kabeba kuni.

"Shikamoo, mama," nikasema, ingawa tulishasalimiana asubuhi.

"Marahaba, mwanangu. Nililitunga mimi. Nimechukua Gladness, nikachukua na Alvin, baba yake." Akatua kuni, akanitazama vizuri. "Na la mtoto wenu wa kwanza ninalo tayari."