Maji Niliyoyaongeza

Siku ya kwanza kazini nilivaa sketi ya shule, maana ndiyo nzuri kuliko zote nilizonazo. Mama anafanya usafi kwenye kliniki moja hapa Dodoma, na Daktari wa mishipa ya fahamu alimwuliza kama anamjua mtu wa kutafsiri Kisandawe, lugha ya kwetu. Mama akanitaja mimi. Nilikuwa nimekaa tu nyumbani Miyuji nasubiri matokeo ya kidato cha nne. Mimi naogopa watu. Hata dukani namtuma mdogo wangu. Lakini nilikwenda.

"Sikiliza, binti," Daktari aliniambia. "Hapa hatupimi damu. Tunapima akili inavyofanya kazi: kukumbuka, kutaja vitu, kupanga mambo. Kipimo chenyewe ni maneno ya mgonjwa, kwa lugha aliyokulia. Akikosea, niletee kosa lake kama lilivyo. Ndugu nawaweka nje, wao huwa wanawasaidia."

Nikasema sawa. Ninyi mtakaoitwa kwenye kazi hii baada yangu, jueni nilisema sawa bila kuelewa.

Wagonjwa wengi walikuwa wazee wa Kisandawe kutoka Chemba, waliopata kiharusi. Daktari anawapa maneno matatu, anaongea mengine, kisha anayauliza tena. Anaonyesha kitu, anauliza jina lake. Aliyesoma anaambiwa achore uso wa saa. Asiyesoma anaulizwa hatua za kazi anayoijua, moja baada ya nyingine.

Wiki ya tatu aliletwa mzee mmoja na binti yake. Mkewe alishafariki, anaishi peke yake shambani. Binti alitaka jibu moja tu: "Daktari, baba anaweza kurudi akakaa mwenyewe, au nimchukue kwangu?"

"Sichukuliwi," mzee alisema kwa Kiswahili chake cha mnadani. "Kwani mimi gunia?"

Binti akatoka. Nikamwamkia mzee kwa lugha yetu, akafurahi, akaniuliza ukoo wa mama. Daktari akamwonyesha saa ya mkononi. Mzee akaitazama sana, akanigeukia: "Huyu na usomi wote huo hajui anachovaa, mpaka aniulize mimi?" Nilicheka. Nikamwambia Daktari, "Anasema ni saa."

Kisha akaulizwa anavyopika ugali. Alijibu polepole, jasho linamtoka. "Sufuria. Moto. Unga. Unakoroga. Unakula."

Alikuwa ananitazama usoni, kama anauliza amepatia. Mzee wa umri wa babu yangu. Ningemwaibishaje mbele ya mtu wa koti jeupe? Nikasema, "Anabandika sufuria, anachemsha maji, anatia unga, anakoroga mpaka uive."

Daktari akaandika. Binti akaambiwa kumbukumbu imepungua kidogo, ila kupanga mambo anaweza, arudi kwake. Mzee alinishika kichwa akanibariki.

Baada ya siku kumi na moja walirudi. Mikono yote miwili ya mzee ilikuwa na bandeji. Alibandika sufuria kavu, akamimina unga, ukashika moto, akautoa kwa viganja. "Hamna hata tone la maji ndani," binti alisema. "Na ndoo imejaa, iko pembeni yake."

Nilimwambia Daktari palepale, huku nalia, kwamba maji niliyatia mimi, na hata saa mzee hakuitaja. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Alifungua ukurasa mpya, akasema, "Na mimi nilipaswa kuuliza mara mbili. Futa machozi. Tunaanza upya."

Mzee akaulizwa ugali tena, akajibu vilevile. Safari hii nilisema, "Sufuria. Moto. Unga. Anakoroga. Anakula."

Kiswahili hicho alikielewa. Akaacha kunitazama.

Binti akamchukua. Mimi niliacha kazi wiki ileile, ingawa Daktari aliniambia sasa ndiyo nimeanza kuijua. Kwa hiyo nimestaafu nina miaka kumi na saba, na nilichojifunza ni hiki tu: heshima niliyompa mzee ilimuunguza, na ukweli ukamtoa kwake.

Juzi nilikwenda kumwona kwa binti yake, huko Msalato. Alikuwa amekaa mlangoni, makovu yanang'aa viganjani.

"Shikamoo, babu."

Akageukia ukutani.

"Usijali, mdogo wangu," binti yake alisema kutoka ndani. "Siku hizi hakumbuki watu."

Nadhani mimi ananikumbuka.