Nilivyombeba Mwalimu wa Fizikia

Darasani nilikuwa wa kwanza, na nilihakikisha kila mtu anajua. Shule yetu ya Mangobo ilikuwa na mabati yaliyotoboka. Mvua ikinyesha, tulisukuma madawati upande mkavu tukabanana huko. Mimi, hata nikiwa nimelowa chapachapa, niliinua mkono.

Jambo moja tu nililificha. Baba alikuwa mgonjwa, kwa hiyo kila asubuhi kabla ya masomo niliendesha toleka yake, baiskeli ya kubeba abiria. Niliona kichwa kama changu hakifai kuonekana kikitoka jasho. Basi nilivaa kofia ya sufu ya mama mpaka kwenye nyusi, katika joto la Kisangani, nikaamini kabisa kwamba sitambuliki.

Siku moja aliyenisimamisha alikuwa mwalimu wetu wa fizikia, papa mnene, yaani mzee wa heshima, mwenye shati jeupe. Nikabadili sauti, nikaongea kwa pua.

"Papa, tunaenda wapi?"

"Ku masomo, Mangobo. Bon, upesi."

Tulipofika kwenye mwinuko nikakanyaga pedali kwa nguvu zote. Gurudumu la mbele likainuka, na sote wawili tukaanguka kwenye tope. Mwalimu akainuka akitazama shati lake.

"Lakini sababu nini tumeanguka?"

Hilo lilikuwa swali. Mkono wangu ukaenda juu wenyewe.

"Uzito wenu ulipita nyuma ya gurudumu la nyuma, mwalimu!" nilijibu, kwa sauti yangu halisi.

Akacheka mpaka akashika tumbo.

"Shusha mukono. Jibu iko juste. Na toa ile kofia, utakufa na joto."

Tulisukuma baiskeli pamoja hadi shuleni. Getini niliomba ardhi inimeze. Msichana wa darasa letu akatukagua, mimi na mwalimu wangu, tope mpaka masikioni.

"Leo umebeba mwalimu?" akasema. "Juzi ulibeba tantine yangu, dada ya mama, ukaongea na yeye kwa pua. Alifikiri uko na mafua."

Kumbe wote walikuwa wanajua, tangu mwanzo.

Baada ya hapo mwalimu alinisubiri barabarani kila asubuhi. Akikaa nyuma kwa raha zake, alinitolea maswali ya kasi na nguvu, nami nilijibu nikihema, mara nyingi ovyo. Mtihani wa taifa nilifaulu vizuri. Alama zangu za juu zilikuwa za jiografia.