Ukuta wa Sakafu Iliyovunjwa

Kila masika bustani yangu ilihamia kwa jirani wa chini. Mchicha, vitunguu, udongo niliouhangaikia kwa samadi, vyote viliteremka na maji, nami nikabaki na changarawe. Bustani hiyo ndiyo iliyotulisha, mimi mjane na wanangu. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alikuwa anangoja nichoke, nimwachie kiwanja nirudi kwetu.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipoachwa huru. Awali saruji ilipatikana kwa kibali. Sasa ilijaa madukani Kiabakari, lakini mfukoni hamna kitu. Basi tajiri mmoja akanunua ghala lililotelekezwa kando ya barabara ya Musoma, akaezua mabati ya zamani, akavunja sakafu na kutupa vipande vya zege nje. Nikaomba, nikapewa. Nilivibeba kichwani mpaka ngata ikachakaa na shingo ikakakamaa. Nikachimba msingi uliokingama mteremko, nikalaza vile vikubwa chini, kila safu ikiegemea mlimani kidogo, na nyuma yake nikashindilia kokoto. Saruji sikutia hata chembe.

Ukuta haujafika hata magotini, shemeji akaniletea wazee wa ukoo. Kwetu, mahali palipohamwa na watu ni mahame, na jiwe la mahame haliingizwi kwenye mji wa watu, maana nao utahamwa. Wazee waliliamini jambo hilo kwa dhati, na sikuwadharau. Ila shemeji, nia yake niliijua.

"Shemeji, sisi hatubebagi vitu vya mahame," akasema. "Hivi virudi vilikotoka, au wewe urudi kwenu."

Hasira zilinipanda. Niliwaamkia wazee kwa heshima zote, nikawaambia neno lao sikatai. Kisha nikamgeukia yeye.

"Sawa, virudi. Mimi nimevileta kwa kichwa changu, anayeviogopa avirudishe kwa kichwa chake. Ila aanze na mabati ya banda lake la mbuzi. Yametoka ghala hilohilo."

Wazee wakageuza shingo kulitazama banda. Mkubwa wao akamuuliza shemeji kama ni kweli. Shemeji akaanza kueleza habari za bei ya mabati mjini, akaishia njiani. Sikungoja amalize. Nilijitwisha kipande kingine, nikamwomba apishe, maana alikuwa amesimama juu ya msingi wangu.